Wanafunzi wangu wanajua bango, hawajui sekunde. Nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha usanifu wa grafiki katika chuo kimoja Kanda ya Ziwa. Muhula ujao nimepewa somo jipya, picha mjongeo, la wiki 12, kipindi cha saa tatu kila wiki. Wanafunzi ni 34, kompyuta zinazofanya kazi ni 9, kamera hakuna, ila simu karibu kila mmoja anayo. Ni wanafunzi wazuri, mabango na nembo zao huwezi kuzikataa. Lakini muhula uliopita niliwajaribu kwa kazi ndogo ya sekunde 15, na karibu wote waliniletea kitu kimoja: nembo inaingia ikizunguka, inametameta, muziki unapiga, basi. Mkuu wa idara anataka wamalize "wakiwa wanajua programu". Wengine wananiambia hawajui kuchora, kwa hiyo uhuishaji, yaani kukipa kitu mwendo picha kwa picha, hawauwezi. Nianzie wapi, na kazi za namna hii nazisahihishaje?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Pole kwa kutwishwa somo bila vifaa, na hongera pia, kwa sababu ni somo tamu likishakaa sawa.

Hiyo nembo inayozunguka naifahamu. Mara ya kwanza kufundisha somo hili nilitumia wiki 9 kati ya 12 kuonyesha programu: menyu hii, kitufe kile, dirisha lile. Wanafunzi waliandika kila kitu madaftarini kwa bidii. Wiki tatu za mwisho nikawaambia, haya, sasa tengenezeni. Nikaletewa nembo 28 zinazozunguka. Wale watoto hawakuwa wavivu. Walifundishwa vitufe, wakaleta vitufe. Kosa lilikuwa langu, na ilipita miaka miwili kabla sijalielewa vizuri.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Msanifu wa bango anapanga vitu mahali. Anajua herufi kubwa ikae wapi, picha ishuke kiasi gani, pembeni paachwe patupu kiasi gani. Akimaliza, bango linatoa vyote kwa mpigo mmoja, na macho ya mtu yanatembea yanavyotaka: yanaanza na picha, yanashuka kwenye bei, yanarudi juu. Picha mjongeo inamnyima mtazamaji uhuru huo. Usichomwonyesha bado, kwake hakipo. Kwa hiyo mwanafunzi wako ameongezewa kazi ambayo bango halikuwahi kumdai: aamue nini kitangulie, nini kifichwe, na kifichwe kwa muda gani. Anatakiwa kuupanga muda kama anavyoipanga karatasi. Aliyepewa sekunde 15 bila kujua muda ni kitu cha kusanifiwa atazijaza kwa chochote kinachosogea, na kinachosogea kirahisi kuliko vyote ni nembo.

Ushauri wangu basi: wiki saba za kwanza usiwashe kompyuta hata moja.

Kipindi cha kwanza ingia na khanga. Kila mmoja darasani anaijua: pindo, mji na jina. Ukiitandaza mezani vyote vitatu vinaonekana mara moja, kama bango. Waambie kila kundi lipige picha nne tu kwa simu, kisha wazipange kwa namna mbili: kwanza jina lisomeke mwisho, halafu picha zilezile jina lisomeke mwanzo. Zionyeshe ukutani, au hata kwenye simu moja inayopitishwa, kila picha sekunde mbili. Mimi nilitumia khanga yenye jina "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Jina lilipokuja mwisho, darasa liliguna na kucheka, kwa sababu walishaona maua mazuri, bega la mwanamke, mkono wenye hina, ndipo wakapigwa na kijembe. Jina lilipotangulia, hakuna aliyecheka. Walikaa wakitafuta huyo "siye" ni nani kati ya vitu walivyoonyeshwa. Waache wabishane dakika 20 ni mpangilio upi mzuri. Usitoe jibu, maana yote mawili yanafaa. Wanachopaswa kuondoka nacho ni kwamba picha hazikubadilika hata moja na bado maana imehama.

Hapo ndipo pa kuwasimulia habari za Lev Kuleshov, mwalimu wa filamu wa Moscow, aliyefanya jambo kama hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alichukua uso wa mwigizaji mmoja, usioonyesha furaha wala huzuni, akaupanga na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji waliona njaa, wakaona majonzi, wakaona tamaa, na uso ulikuwa uleule. Wanafunzi wako wanaweza kulirudia siku hiyohiyo: uso wa mwenzao, sahani ya ugali, kiti kitupu, karatasi ya matokeo ya mtihani. Sharti moja tu, anayepigwa picha asiigize. Akiigiza zoezi limekufa.

Wiki ya pili na ya tatu ni za harage, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo moyo wa somo lote.

Nunua robo kilo ya maharage. Kila wanafunzi wawili wapate harage moja, karatasi kubwa na penseli. Simu ilazwe juu, ikitazama chini: rula mbili juu ya marundo mawili ya vitabu, simu ikalazwa katikati na kufungwa kwa tepu. Anayepiga picha asiiguse. Achomeke spika za masikioni na abonyeze kitufe cha sauti, kwa simu nyingi kitufe hicho kinapiga picha. Mwanga na umakini wa lenzi ufungwe, yaani abonyeze kidole kwenye kioo na kushikilia mpaka alama ya kufunga itokee, la sivyo kila picha itakuwa na mwanga wake. Pazia lishushwe, iwashwe taa moja. Jua la dirishani halifai kwa kazi hii hata likiwa zuri namna gani, kwa sababu wingu likipita, harage litakuwa linapepesa. Na anayesogeza harage asivae shati jeupe. Niliwahi kuhangaika asubuhi nzima na kazi ya binti mmoja iliyokuwa ikimetameta bila sababu, tukabadilisha taa, tukabadilisha simu, mpaka nilipoona kwamba kila akiinama, shati lake la sare linarusha mwanga mezani. Akavaa sweta, ikatulia.

Mtapiga picha 12 kwa kila sekunde. Sekunde mbili ni picha 24.

Mzunguko wa kwanza, harage lisogee sentimita moja kila picha, sawasawa, kwa alama za penseli. Wakiliangalia wataona kitu kinavutwa kwa uzi. Mzunguko wa pili, waanze na milimita mbili, waongeze kidogokidogo mpaka sentimita mbili katikati ya safari, kisha wapunguze mpaka milimita mbili. Sasa litaonekana limeondoka lenyewe na kufika lilikokuwa linakwenda. Mzunguko wa tatu, kabla ya kuondoka lirudi nyuma hatua tatu ndogo na kusimama picha mbili. Kabla ya kuupiga huo wa tatu watoe nje, kila mmoja aruke mtaro, mwenzake atazame anavyojivuta nyuma kabla ya kuruka.

Kisha sikiliza darasa linavyozungumza, na hasa sikiliza viambishi. Mzunguko wa kwanza watasema "limesogea". Wa pili, "limefika". Wa tatu, bila mtu kuwaambia, mmoja atasema "amesita". Mwingine atasema "anaogopa kuvuka". Ukisikia harage limehama kutoka ngeli yake na kuingia ngeli ya watu na wanyama, ujue kitu kimepata uhai mbele ya macho yao, na wao ndio waliokipa kwa penseli na rula. Mimi sijapata kipimo kingine cha uhuishaji kinachoaminika kama hicho, na nakitumia mpaka leo kusahihisha.

Siku hiyohiyo wadondoshe kitu. Wanafunzi wote hukosea hapa kwa namna moja. Waulize kifutio kikianguka kutoka meza yenye kimo cha sentimita 75 kitahitaji picha ngapi kufika sakafuni. Watakwambia 15, wengine 20. Fanyeni hesabu ubaoni: kwa picha 12 kwa sekunde, picha ya kwanza kinashuka sentimita 3.4, ya pili kinaongeza kama 10, ya tatu 17, ya nne 24. Picha nne zimekwisha na kimeshashuka zaidi ya sentimita 54, ya tano kipo sakafuni. Umbali unakwenda kwa 1, 3, 5, 7, sheria aliyoiona Galileo. Kifutio kilichopewa picha 20 kinashuka kama unyoya wa kuku. Kilichopewa tano kina uzito, mpaka mtu anasikia mlio ambao haupo.

Utakuta vitabu vingi vinasema tunaona mwendo kwa sababu picha "inabaki jichoni" kidogo kabla ya inayofuata. Usiwafundishe hivyo. Mwaka 1912 Max Wertheimer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliwasha mistari miwili ya mwanga kwa zamu. Zamu zikiwa za haraka mno, watu waliona yote miwili imewaka pamoja. Zikiwa za taratibu mno, waliona mmoja, halafu mwingine. Katikati, kwenye nafasi ya milisekunde 60 hivi, waliona mstari mmoja ukihama. Akili inauunda mwendo kutokana na nafasi iliyopo kati ya picha na picha. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo analolishika mwanafunzi akiwa na rula: anasanifu nafasi zilizo katikati, na harage ni kisingizio tu.

Kuhusu kanuni 12 za uhuishaji walizoziorodhesha Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney mwaka 1981, ni hazina, lakini ukiziandika zote ubaoni zitakaririwa kama jedwali la kuzidisha. Kwa muhula wa kwanza nafundisha hizo walizokwisha kuziona kwa harage, yaani kutangulia kujivuta, na kuanza na kumaliza polepole. Zilizobaki watazikuta wenyewe njiani.

Sasa wale wanaosema hawajui kuchora. Harage limeshawajibu nusu. Nusu nyingine wajibu kwa mkasi. Lotte Reiniger, Mjerumani, alitengeneza filamu ndefu nzima mwaka 1926 kwa vikaragosi vya karatasi nyeusi vilivyokatwa na kuungwa viungo. Saul Bass alikuwa msanifu wa mabango hasa, mtu wa fani yenu, na alipopewa majina ya mwanzo wa filamu mwaka 1955 alifanya alichokizoea: mistari na mkono uliokatwakatwa kama wa karatasi, akavipa muda wa kuingia na kutoka. Na mwaka 1949 UNESCO ilimtuma Norman McLaren wa Canada kwenda magharibi mwa China kufundisha wasanii kutengeneza filamu fupi za afya ya kijiji kwa njia za bei nafuu. McLaren mwenyewe alikuwa na mazoea ya kuchora moja kwa moja kwenye mkanda wa filamu, bila kamera. Watu walilifundisha somo hili penye uhaba kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Wiki ya nne na ya tano ni za maneno, na hapa wanafunzi wako wana faida wasiyoijua.

Templeti za video zinazozagaa mitandaoni zimepimwa kwa Kiingereza: neno linaruka, linatoka, linaingia jingine, kila neno robo sekunde. Mtu akimwaga Kiswahili humo kinavunjika. "Hatukuwaambia" ni neno moja lenye mizani, yaani silabi, saba, Kiingereza kingelipasua kuwa maneno matano. Ukilipa robo sekunde hakuna atakayelisoma, na ukikipa kiunganishi "na" robo sekunde hiyohiyo umekipandisha cheo. Kwa hiyo kwetu muda hauhesabiwi kwa maneno, unahesabiwa kwa mizani, kama washairi wanavyofanya tangu zamani. Mpe kila mwanafunzi kazi ya kutunga mshororo wake mmoja wa mizani 16, ukwapi (nusu ya kwanza) 8 na utao (nusu ya pili) 8. Ausome kwa sauti mara tano, mwenzake akishika saa ya simu, wachukue wastani. Mimi nikisoma kwa mwendo wangu wa kawaida napata sekunde 3.2. Kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha mojamoja zinazounda mjongeo, hizo ni fremu 80, tano kwa kila mizani. Huo ni mwanzo tu, kwa sababu hakuna binadamu anayesoma shairi kama saa ya ukutani. Silabi ya pili kutoka mwisho inabeba mkazo: ka-RI-bu, ki-BA-ba. Hiyo ipewe fremu saba, majirani zake wapunguziwe. Na baina ya ukwapi na utao msomaji anavuta pumzi. Pumzi hiyo nayo ipewe fremu zake, kumi au kumi na mbili, za skrini isiyo na kitu.

Hapo ndipo watakapokupinga. Skrini tupu inawatisha, watataka kuweka hata ka-mstari kanakong'aa. Waonyeshe mabango yao wenyewe ya mwaka wa kwanza, yale uliyoyapa alama za juu kwa sababu waliacha pembeni pakapumua. Fremu kumi tupu ni ile karatasi nyeupe waliyojifunza kuiheshimu.

Kijana mmoja darasani kwangu alichagua methali badala ya mshororo, nikamkubalia: "Haba na haba hujaza kibaba". Aliiandika kwa punje za mchele juu ya kitambaa cheusi, simu imefungwa juu. Kila picha punje mbili au tatu, zikikusanyika kuwa herufi. "Haba na haba" ilimla picha 72, yaani sekunde sita, na sekunde sita kwenye skrini ni ndefu kuliko unavyodhani. Darasa lilianza kutikisika vitini. Mmoja akasema, "Mbona hamalizi?" Mara baada ya kusema hivyo nusu ya pili ya methali ikatokea yote, kwa picha nne tu, mchele umejaa mpaka kando. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Nilimwomba karatasi yake ya fremu nione kama ilikuwa bahati. Alikuwa ameandika kwa penseli, pembeni ya picha ya 60: "hapa wachoke".

Karatasi ya fremu ndiyo daftari la somo hili. Ni jedwali la kawaida: namba ya picha, kitu kiko wapi, kimesogea kiasi gani, sauti gani, na safu moja ya mwisho, "mtazamaji ahisi nini". Hiyo ya mwisho usikubali ikae tupu.

Wiki ya sita na ya saba watoke na simu kupiga picha mjongeo halisi. Masharti: simu isimame, isigeuzwe, isivute karibu. Sekunde 20 za kitu kinachobadilika. Kwa ninyi wa huko, mwaloni, pale ufukweni wanapoanika dagaa, hapakosi kitu. Mpishi wa chapati anatosha pia, na ni mwalimu mzuri wa uhariri: kugeuza chapati kunachukua chini ya sekunde moja, kusubiri kunachukua muda mrefu. Kila mwanafunzi atakata kusubiri na kubakiza kugeuza mara nne. Mwambie arudishe sekunde tatu za kusubiri kabla ya kugeuza mara moja, alinganishe.

Jambo la kiufundi ambalo litakusumbua usipolijua mapema: umeme wetu Tanzania, kama wa Kenya na Uganda, ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapwita mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde, na ndani ya chumba utaona ukuta unatetemeka au mistari inapanda. Simu ikiruhusu, weka fremu 25 na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Kuna programu za bure za kamera, kama Open Camera ya Android, zinazokuwezesha. Isiporuhusu, wapige nje mchana. Na kwa video darasa zima lichague 25 tangu siku ya kwanza ya kurekodi, maana kuchanganya 25 na 30 katika kazi moja kunaleta mwendo wa kukwamakwama ambao mwanafunzi atadhani ni ubovu wa kompyuta.

Muziki upige marufuku mpaka wiki ya tisa. Wimbo unaotamba unaificha kazi dhaifu, na isitoshe ni mali ya msanii. Sauti wajifunze kwa kurekodi wenyewe: mvua kwenye bati, konda anapiga debe, mafuta yanachacharika. Simu ifunikiwe blanketi au khanga kupunguza mwangwi wa chumba. Sekunde nane zilezile za picha ziwekewe sauti tatu tofauti. Inatosha.

Wiki ya nane ndipo mnafungua kompyuta. Kompyuta 9, wanafunzi wanne kila moja, wametosha. Wataingia wakiwa na karatasi za fremu mkononi, kwa hiyo hakuna atakayekaa akitafuta wazo huku wenzake wakisubiri kiti. Programu yoyote uliyonayo inafaa. Blender ni ya bure, DaVinci Resolve ina toleo la bure ila inataka mashine yenye nguvu. Fundisha mambo matano tu: kuingiza picha kwa mfuatano, tabaka, fremu kuu (zile zinazoweka alama mwendo unapoanzia na unapoishia), grafu ya mwendo, na kutoa faili. Utakapofika kwenye grafu ya mwendo, ule mkunjo unaowatesa watu wanaojifunza wenyewe kwa video za mtandaoni, waambie watoe karatasi ya harage. Alama zilizobanana mwanzoni, zikaachana katikati, zikabanana tena mwishoni, ndizo mkunjo ule. Nimeona nyuso zikifunguka darasa zima mara moja kwa hilo.

Mkuu wa idara mweleze hivyohivyo, kwa heshima, na umwonyeshe ratiba: wiki tano za programu zipo. Mwonyeshe pia kwamba kazi za fani hii zipo karibu. Ubongo Kids, katuni ya watoto, inatengenezwa Dar es Salaam tangu 2014. Tinga Tinga Tales, yenye michoro iliyotokana na mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga, ilihuishwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC kuanzia 2010. Na hata asiyefika huko atakutana na mabango ya skrini barabarani, ambayo hayana sauti na dereva anayatazama kwa sekunde chache. Anayejua vitufe tu hatajua sekunde hizo azipeleke wapi.

Kusahihisha: kazi ya mwisho isizidi sekunde 10, yaani fremu 250. Inayozidi irudishwe. Ionyeshe mara tatu. Mara ya kwanza bila sauti na bila mwenye kazi kueleza chochote. Darasa liseme kilichotokea, wewe andika vitenzi na viambishi wanavyotumia. Mara ya pili pamoja na sauti. Mara ya tatu msimamishe mwenye kazi, umwambie: punguza sekunde mbili, unaondoa zipi? Aliyesanifu muda atajibu papo hapo, au atakatalia kwa sababu ("nikiondoa hapa hawatachoka"), na kukataa kwa sababu ni jibu zuri zaidi. Asiyejua atasema "zozote". Mimi natoa alama 40 kwa karatasi ya fremu na majaribio, 30 kwa muda, 20 kwa picha, 10 kwa umaliziaji. Unaweza kubadilisha, ila umaliziaji usiupandishe, utarudishiwa nembo zinazozunguka.

Kwa kipindi cha kwanza usinunue kitu. Khanga azima kwa mama yeyote jirani na chuo, uchague yenye jina ambalo darasa halijalizoea. Maharage ya wiki ya pili yawe makubwa yenye rangi mbili, ionekane yakigeuka. Yanabiringika sana, kwa hiyo chini ya kila moja bandika kipande kidogo cha bigijii, na mezani kuwe na kitambaa cha kufutia.